Aliyesimama Upande wa Mama

Tezo, 3 Juni 2024

Kwa dada Sidi,

Shikamoo. U mzima? Watoto je, na mbuzi? Mimi sijambo, kazi ya kuchomelea vyuma inakwenda. Huko nyumbani Kwa Lewa simu haishiki, ndiyo maana nampa Chengo wa bodaboda barua hii.

Nimepata mchumba, Nelly, wa Matsangoni. Harusi ni Agosti, na kwao wanataka kumwona mama yangu. Nimewaambia mama alitutoka nikiwa sijaanza kutembea, lakini yuko wa kusimama mahali pake. Njoo, dada.

Mdogo wako,
Fondo

Kwa Lewa, 19 Juni

Mdogo wangu Fondo,

Marahaba. Sisi wazima, ila mahindi yamekauka kabla ya kubeba. Habari yako imenifurahisha hata nikapiga kigelegele peke yangu jikoni.

Lakini mwombe shangazi wa Kikambala asimame. Yeye amesoma, anajua kukaa na watu. Mimi shule niliacha darasa la tano, na viatu vya harusini sina. Nisije nikakuaibisha mbele ya wakwe.

Dada yako,
Sidi

Tezo, 2 Julai

Dada,

Shikamoo. Nyote hamjambo? Mimi mzima, ila barua yako imenikasirisha.

Shangazi nampenda, lakini hakuwepo mto ulipofurika, ukanivusha mgongoni huku sare yangu umeifunga kichwani isilowe. Hakuwepo tulipochimba mchanga kutafuta maji, ukanipa kata ya kwanza ukasema umeshakunywa. Midomo yako ilikuwa imepasuka, dada. Niliiona. Na niliporudishwa nyumbani kwa kukosa kalamu, nani alikwenda mpaka shuleni akamwambia mwalimu, "Huyu atakaa darasani, kalamu nitaitafuta mimi"? Wenzako wa rika lako walikuwa wakisoma sekondari.

Simwombi mtu mwingine. Kiti chako kikikaa kitupu, na kikae.

Mdogo wako,
Fondo

Tezo, 26 Agosti

Dada,

Shikamoo. Umefika salama? Uliondoka alfajiri kabla sijakuaga.

Baada ya barua yangu ile ulikaa kimya, nami nikajua huji. Halafu siku yenyewe naona bodaboda ya Chengo inaingia, nawe nyuma na leso mpya, kuku kwapani, na ndara zako zile zile. Mzee Joram, baba yake Nelly, alipouliza, "Mama wa bwana harusi ni yupi?" nilitaka kueleza. Ukanitangulia: "Ni mimi. Nilimpata nikiwa na miaka kumi na miwili."

Kisha mama mkwe akainuka, akakushika mkono, akakukalisha kando yake. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba kulia, na Nelly akanifuata, akalia pia.

Jana mama mkwe aliniuliza unapenda kitu gani, maana anataka kukuletea zawadi. Nimemwambia nitakuuliza. Tangu utoto wangu sijakusikia ukisema unataka kitu. Niambie, unapenda nini?

Mwanao,
Fondo