Mkono wa Mama Haumo kwenye Wimbo

Jumapili, jioni. Upepo umevuma tangu asubuhi na vumbi la Nkuhungu limeingia hadi kwenye kopo la sukari. Nina hasira. Naandika kabla hazijapoa, kwa sababu zikipoa nitaanza kuwatetea watu wasiostahili.

Kwa mgeni wa blogu hii: mimi ni mwanamke, napiga dramu kwenye bendi ya hevi metali hapa Dodoma. Ndiyo, ipo. Ndiyo, tuna mashabiki, na si wote ni ndugu zetu. Watu hushangaa mwanamke kupiga dramu, nami huwashangaa wao, maana kwetu Ugogo muheme ni ngoma ya wanawake. Mama yangu ameibana kati ya mapaja na kuipiga tangu kabla sijazaliwa.

Wimbo wetu mpya unatoka Ijumaa. Katikati magitaa yote yananyamaza, anabaki mama na muheme wake, kisha sisi tunarudi kwa kishindo. Tulimrekodi nyumbani kwake Chamwino, uani. Alifunga kanga kiunoni, akakohoa kidogo, akaanza. Nilisisimka mwili mzima.

Fredi ndiye anayemiksi nyimbo zetu. Kwenye metali ni kawaida kubadilisha sauti za dramu: kompyuta inatafuta kila pigo ulilopiga, inaliondoa, na mahali pake inaweka pigo lililorekodiwa kwenye studio kubwa huko nje, safi na zito. Sitajifanya mtakatifu. Kiki yangu, ile dramu kubwa ya kupigwa kwa mguu, nilimwambia mwenyewe aibadilishe, kwa sababu nikipiga kwa kasi mguu wa kushoto huchoka na magitaa yanaumeza. Sikuona aibu, na bado sioni.

Lakini sikumwambia amguse mama.

Leo nilikwenda Chamwino kumsikilizisha. Fredi alikuwa amenitumia wimbo asubuhi. Nilisikiliza mwanzo tu, nikaridhika na kiki, nikazima, maana sehemu ya mama nilitaka tuisikie pamoja. Nikakuta ua umefagiliwa, mama amevaa kitenge anachokitunza kwa ajili ya harusi, na wenzake wawili wa kikundi cha ngoma wameketi kwenye mkeka, chai na karanga mbele yao. Nikaweka spika yangu ndogo juu ya kigoda.

Magitaa waliyavumilia kwa adabu. Ilipokaribia sehemu yake mama aliinua kidole, akawaambia wenzake wasikilize sasa.

Ikatoka ngoma ya mtu mwingine. Kubwa, safi, kila pigo sawa na lenzake kama matofali ya mashine. Yale mapigo ya chini anayoyagusa kwa ncha za vidole, yote hayamo. Kompyuta haikuyahesabu kuwa ni mapigo. Hata kile kikohozi hakimo.

Wenzake walimtazama. Mama aliangalia mkeka, halafu akanigeukia.

"Mwanangu, kama nilikosea ungeniambia. Ningerudia."

Alidhani tumemtafutia mtu wa kuziba nafasi yake, mwenye mikono yenye nguvu zaidi, na bado alikuwa na ustaarabu wa kutouliza ni nani. Nilieleza mambo ya kompyuta mpaka nikajichukia. Akaitikia kwa kichwa, akawaongezea wenzake chai.

Nilitoka nje ya uzio nikampigia Fredi. Akacheka. Akasema mama alikuwa anayumba, kwa hiyo amemnyoosha, na dada punguza presha, dunia nzima wanafanya hivyo.

Amemnyoosha.

Mwanamke aliyechezesha harusi za nusu ya Chamwino, leo ananyooshwa na mtu ambaye hajawahi kumwona mtu akiicheza ngoma ile. Mama hayumbi. Anawafuata wanaocheza, wakichelewa anawasubiri, wakiwaka anawaka nao.

Kwenye grupu la bendi hali ni mbaya zaidi. Mpiga gitaa ameandika kwamba sasa tuna sauti ya kimataifa. Wengine wamejaza vikaragosi vya moto. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mama amesemaje, na ni walewale waliokula ugali wake siku ya kurekodi.

Nimewaandikia: ngoma ya mama irudi kama ilivyorekodiwa, au wimbo utoke bila yeye na bila mimi. Fredi amekiri kwamba rekodi ya awali anayo, ila anahofia itaharibu miksi. Acha iharibike.

Kuna jambo sijawaambia, kwa sababu nikiliandika kwenye grupu nitalia, na leo sitaki kulia, nataka kubaki na hasira zangu.

Wakati naaga, wale wenzake walikuwa wameshaondoka. Nilimkuta mama amesimama uani, muheme umebanwa kati ya mapaja, mikono tayari juu ya ngozi. Akaniomba niwashe spika tena.

"Weka ile ya kompyuta. Wakiniita tena nataka niwe nimeshaijua."

Nilimwambia chaji imekwisha. Haikuwa imekwisha.

Kesho kabla ya kwenda kazini nitakuwa mlangoni kwa Fredi, na sitaondoka mpaka nisikie mama akikohoa kwenye spika zake.