Chupa Moja, Watoto Wawili

Jumatatu, 4 Machi
Nimechemsha sindano. Hamisi kachomwa, kanywa uji mtupu. Hakulia. Ana miaka tisa, ameshazoea. Chupa ya insulini nimeirudisha kwenye maji ya mtungi ipate ubaridi. Dukani foleni ya sukari tangu alfajiri. Jirani kanicheka: mimi nipange foleni ya nini, wakati sukari ninayo kwa mwanangu? Nilitaka kumtia kofi. Nikapita.

Ijumaa, 8 Machi
Kliniki. Daktari anataka watoto wote wa baba mmoja wapimwe, maana ugonjwa huu hufuata ukoo. Yaani na Zena, mtoto wa mke mwenzangu Mwanaidi, kule Kigombe. Mume wangu Salimu alitembea mbele yetu njia nzima. Mama yake ndiye aliyesema, tulipofika nyumbani. Kwao maradhi hayo hayapo, Hamisi kayanyonya kwangu. Mwaka wa nne mavyaa anasema hivyo, na mume wangu yupo, anakula.

Jumapili, 10 Machi
Mwanaidi atamleta Zena kupimwa Jumatano. Nimeswali. Nimeomba Zena awe nao ugonjwa. Sikuomba afe. Awe nao tu, wajue si maziwa yangu.

Jumatano, 13 Machi
Muuguzi alichanganya mkojo na dawa ya buluu, akachemsha. Ikibaki buluu, salama. Ya Zena ikawa kijani, ikawa manjano, ikaishia nyekundu kama tofali. Mwanaidi akauliza kama hiyo ndiyo rangi nzuri. Nikamjibu mimi.

Nilifurahi. Furaha ya kweli. Ilidumu mpaka getini, pale Zena aliponipa mkono nimvushe barabara.

Alhamisi, 14 Machi
Mavyaa hakukubali. Kasema nimemtupia mtoto kijicho. Safari hii Salimu akafungua mdomo.

"Mama, ni mimi. Wote wawili ni wangu."

Mavyaa kaondoka, chai kaiacha. Miaka minne nimelingoja neno hilo. Nimelipata, halina ladha.

Jumatatu, 18 Machi
Hospitali insulini hakuna. Madukani vitenge na sabuni za nje zimeanza kujaa tena, dawa hakuna. Hii ya Hamisi alituletea dereva wa lori kutoka Mombasa. Atarudi lini, hakuna ajuaye. Imebaki nusu chupa.

Zena anakunywa maji usiku kucha. Shingo imekwisha. Wamelala chumba changu cha uani, yeye na mama yake. Mwanaidi hajaomba. Anautazama mtungi, kisha ananitazama mimi. Salimu naye kaenda kukaa barazani. Wameniachia. Nawachukia wote.

Jumatano, 20 Machi
Zena kaamka anatapika, anahema kama aliyekimbia. Mwanaidi kanifuata jikoni.

"Shikamoo, dada. Nifundishe kuchoma. Hata kama dawa hakuna, nijue."

Nikachemsha sindano. Ya Zena niliivuta kwanza, nisije nikabadili nia. Hamisi alimshika mkono, akamwambia asitazame sindano, atazame dari. Kisha nikavuta ya Hamisi. Pungufu. Aliona. Naye akatazama dari.

Ijumaa, 22 Machi
Lori halijafika. Zena kanywa uji kidogo, haukurudi. Mwanaidi leo kachoma mwenyewe. Mchana watoto wamelala mkeka mmoja. Hamisi kaanza kuamka usiku kutafuta maji. Sijamwambia mtu.