Ndoo ya Uchachu

Kambarage, Shinyanga
Jumapili, baada ya misa

Kwako Dada Suzana, ambaye sasa ni Mama Blessing,

Shikamoo dada. Naomba barua hii ikukute unaweza kukaa kwenye kiti bila kukunja uso, maziwa yanatoka, na mtoto analala walau saa mbili mfululizo. Msalimie shemeji Eustace. Tunasikia tangu awe baba hata dukani kwake hapo Katoro anafungua saa anayotaka. Sisi hapa tu wazima. Wifi yako Vumilia na watoto wanakusalimu sana. Mama naye anakusalimu, ingawa salamu zake siku hizi ni fupi, na nitakueleza kwa nini.

Utashangaa kupata barua na simu unayo. Kwenye simu ningeanza vizuri, halafu ningekuambia mtandao unasumbua nikakata. Najijua. Ndiyo maana nimeiweka ndani ya furushi la nguo za mtoto nilizoshona, juu ya kofia.

Nianze na ile ndoo, maana uliisikia tu, hukuinusa. Mama alipohamia kwangu kutoka Kishapu baada ya msiba wa baba, hakutaka kukaa bure. Alinunua vifaranga themanini, na jirani yetu Mbuke akamfundisha kuwachachushia chakula. Unachukua chakula cha vifaranga, unaongeza chenga za mahindi na dagaa wa kusaga, unamwagia maji mpaka yafunike, unatandaza kitambaa juu na kukoroga asubuhi na jioni. Siku ya tatu kinatoa povu, na hapo eti ndipo kimeiva. Mama alisema wakila hicho wanashiba haraka na kinyesi chao hakinuki. Labda hakikunuka kwa sababu ndoo ilikuwa imemaliza harufu zote za mtaa.

Nawe unaijua kazi yangu. Fundi wa shela na mashati ya kipaimara hawezi kuishi na uvundo. Mama aliiweka nyuma ya mlango wa chumba cha cherehani kwa sababu pale pana kivuli na joto. Bibi harusi mmoja alikuja kujaribu shela, akanusa kushoto, akanusa kulia, akaniuliza kwa upole kama humu ndani kuna mtoto anayeumwa tumbo. Nilicheka, nikamsogeza upande wa dirisha. Lile povu la kijivu lilikuwa linapanda na kupasuka lenyewe, bila mtu kuligusa. Mama aliingiza mkono hadi kiwiko, akautoa unatiririka, akalamba kidole, akasema bado, hadi kesho. Alilamba, dada. Siku ile sikula mchana.

Pamoja na hayo, vifaranga wake walikua. Wiki mbili nzima hakufa hata mmoja, na walipomsikia tu akikohoa walijazana mlangoni mwa banda. Huku akiwalisha alikuwa anahesabu siku zako za kujifungua. Khanga zake za zamani alizifua, akanipa nizikate vipande vya kumfungia mtoto. Kila aliyepita hapa aliambiwa kwamba Suzana amesubiri miaka kumi na mmoja, na kwamba yeye anakwenda Katoro kumkanda na kumwogesha mjukuu kwa mikono yake, kama alivyofanya kwa watoto wangu wote wawili.

Kisha ukaja ule msiba wa mama mdogo Kishapu. Mama alikwenda na Vumilia na watoto kwa siku nne. Kabla ya kuondoka aliniachia ndoo aliyoichanganya asubuhi ileile, pamoja na maelekezo. Alisema nikoroge kwa mkono wala si kwa mti, kwa sababu mti haufikii kinachoganda chini, na maji yafunike chakula saa zote. Niliitikia yote.

Waliporudi siku ya tano, vifaranga walikuwa wamelala shingo zimelegea, macho wazi, miguu haina nguvu. Hadi jioni walikufa sitini na watatu. Niliwazika mwenyewe nyuma ya uzio, nzi wakinitua mdomoni, na hata sasa nikiandika nasikia mate yanajaa.

Mama aliniuliza kama nilikoroga. Nikasema ndiyo. Akauliza kama maji yalifunika. Nikasema ndiyo. Basi akabaki yeye na kichwa chake. Alikaa kizingitini akijaribu kukumbuka alipimia kwa kopo gani, maana stoo kuna makopo mawili yanayofanana, na moja, lililokuja na mizigo yake kutoka Kishapu, ndilo baba alilokuwa akipimia dawa ya pamba. Mwishowe alisema labda alichukua lile, hakumbuki. Nami nikasema labda.

Nilipokupigia mchana wa kesho yake sikusema labda. Nilikuambia mama amepimia kwa kopo la dawa. Ukasema mtu asiyeweza tena kutofautisha makopo hawezi kumwandalia mtoto mchanga maji, basi asije, utatafuta binti wa kukusaidia. Sikukulaumu, na hata sasa sikulaumu. Maneno yako nilimfikishia mama nikiwa nimeyalainisha, lakini aliyaelewa kama yalivyotoka kwako.

Tangu hapo mama hapiki. Akiwapakulia watoto mboga, kwanza anamwomba Vumilia aionje. Makopo yote mawili ameyatupa. Asubuhi ananiuliza leo ni siku gani, nikimjibu anaitikia kwa kichwa taratibu, kumbe alikuwa anajua, anajipima tu. Mtoto wako alipozaliwa alipiga vigelegele mara moja, halafu akaingia ndani. Vile vipande vya khanga bado vimekunjwa chini ya mto wake.

Sasa dada, mpe mtu mtoto amshike. Mama hakukosea kopo. Ni mimi.

Mkono wangu haukuingia kwenye ile ndoo hata mara moja. Gari lao lilipoondoka tu, niliishika ndoo mpini kwa kitambaa, nikaipeleka nyuma ya choo kwenye jua kali, nikaifunika kwa mfuniko wake wenye ufa na kuweka jiwe juu. Vifaranga niliwapa chakula kikavu cha gunia. Siku ya nne gunia lilikwisha, nami nilikuwa na mteja anangoja shela, nikaona uvivu kwenda dukani. Nikafungua mfuniko. Maji yalikuwa yamekauka, juu pameota ukungu mweusi wenye manyoya, na chini yake funza wanachezacheza. Nilijifunga pua kwa kipande cha satini, nikakwangua ule ukungu, kilichobaki nikawamwagia. Walikimbilia kwa furaha. Nikasema moyoni, wanyama wanaokula uchafu, uchafu utawafanya nini? Kisha nikaosha ndoo kwa sabuni na kuirudisha nyuma ya mlango.

Chakula cha mama kilinuka uchachu, kama togwa. Changu kilinuka mzoga. Pua yangu iliijua tofauti ile, na bado niliwapa. Kinyaa chote nilichokuwa nacho kwa ile ndoo sasa ninacho kwa mikono yangu mwenyewe. Naishika shela ya mtu najiona naichafua.

Alhamisi nilimwambia mama. Alikuwa anachambua mchele. Nilimweleza kila kitu, jiwe, funza, gunia, bila kuficha. Alinisikiliza hadi mwisho, akanishika mkono, akasema, “Ahsante baba. Una huruma kama marehemu. Lakini usiseme uongo kwa ajili yangu, kichwa changu nakijua.”

Nikaapa. Akaniambia nisiape, nitajitafutia dhambi bure. Vumilia aliniamini papo hapo, na tangu siku hiyo hanisemeshi ila kwa mambo ya chakula. Naye alijaribu kumweleza mama. Mama alimshukuru vilevile, akasema ana bahati ya kupata mkwe anayejua kuficha aibu ya mzee.

Nimeungama, dada, nikashukuriwa. Sijawahi kuchukizwa na neno ahsante namna hii.

Kwa hiyo nakuomba wewe. Usimpigie mama kumwambia kwamba Wiliam amekiri, atasema nimekupanga. Mpigie umwamuru. Mwambie binti uliyempata hajui kukanda, mgongo unakuuma, mtoto analia akitiwa maji, na aje upesi. Wewe ndiye uliyemkatalia, kwa hiyo atakuamini wewe tu. Nitampandisha basi mwenyewe. Mimi unikasirikie baadaye, kwa miaka upendayo. Lakini mpigie kwanza, kwa maana kila asubuhi nikimtajia siku anachelewa kidogo zaidi kuitikia, na nahofia ataanza kweli kusahau kwa sababu nilimwambia amesahau.

Mbusu Blessing kwa niaba ya mjomba wake. Shemeji mpe salamu, na barua hii aisome akitaka, simfichi. Nabaki hapa nikisubiri simu ya mama iite.

Ni mimi mdogo wako,
Wiliam