Mkwe Wangu Mstarini

Jumatatu, 3 Agosti
Kuanika katani tangu alfajiri. Watoto tumewalaza chini ya waya za kuanikia, kivuli chenyewe hakifuniki hata mguu. Mjukuu wangu Danieli kababuka bega. Esta binti yangu, mama yake, kalia. Mimi nimetukana. Banda moja tu la nyasi, tunaliomba tangu masika. Mnyapara Hamisi anacheka: "Kawalazeni nyumbani!"

Jumatano, 5 Agosti
Meneja Mzungu karudi kutoka kwa Bwana Disii, mkuu wa wilaya, Kilosa, na neno jipya: kamati. Kila kazi itoe mtu mmoja. Wakataji, watu wa korona, ile mashine ya kusaga majani ya mkonge, na sisi waanikaji, wanawake watupu. Wenzangu wamenitaja mimi, kwa kuwa nilisoma misheni na mdomo ninao. Nimekubali hata hawajamaliza. Waniite kiherehere, shauri yao.

Alhamisi, 6 Agosti
Loo! Hamisi kaweka mtu wake atusemee sisi. Mwanamume. Tena Yohana, mume wa Esta! Jumamosi tusimame uwanjani yeye na mimi, watu wajipange nyuma ya wamtakaye. Hamisi kashaambiwa kwamba kwetu milimani mama mkwe na mkwe hawatazamani. Tukikutana njiani, Yohana huingia majanini, mimi hujifunika kanga. Sijawahi kula mbele yake. Basi anataka nibaki nyumbani, kimya. Mshenzi yule.

Ijumaa, 7 Agosti
Esta kanipigia magoti. "Mama, ukisimama naye mbele za watu, watu wa ukoo wake watanirudisha kwetu." Yohana kakubali kwa kuogopa Hamisi atamrudisha kwenye kazi ngumu ya kukata mkonge. Namhurumia. Nina hasira naye pia. Kanga nimeifua, nikaifua tena. Bega la Danieli linatoa maji.

Jumamosi, 8 Agosti
Nimekwenda. Kanga usoni. Yohana kasimamishwa katikati ya uwanja, wanaume wa korona wanacheka. Aliponiona akafanya anachofanya siku zote. Akageuka, mbio, akaingia kwenye mkonge. Hamisi anaita, "Yohana! Rudi wewe!" Wapi! Kumbe Hamisi alidhani mwiko unanifunga mimi peke yangu. Wanawake wakajipanga nyuma yangu kwa vigelegele. Upande wa pili hapakuwa na mgongo wa kusimama nyuma yake. Nimecheka mpaka mbavu zinauma.

Jumatano, 12 Agosti
Kamati. Kiti changu kando ya mlango. Hawajakaa vizuri, wananiambia nikapike chai. Nimewaambia chai nitakunywa, kuipika sikujia hilo. Banda nimelitaja, nikalitaja tena. Wanasema litaangaliwa mvua za mwakani zikiisha. Mwakani! Nitarudi, na banda nitalitaja.

Ijumaa, 14 Agosti
Asubuhi tumekuta banda kando ya waya. Nguzo nne, paa la nyasi. Hamisi anauliza nani kajenga. Hakuna anayejua. Mimi nimetazama mafundo ya kamba. Ni yale yale ya paa langu, alilonijengea Yohana alipomposa Esta. Siku zile nilihamia kwa dada yangu mpaka akamaliza.

Jioni nimemwona kwa mbali, njia ya mkonge. Kaingia majanini. Nimejifunika kanga, nikapita.

Danieli leo kalala kivulini mchana kutwa.