Ng'ombe Aliyepita Mbele ya Dishi

Dada Kabula,

Mwangaluka. Habari hii ilikuwa niiandike gazetini, lakini mhariri alipojua kwamba mwalimu anayetajwa ni dada yangu, alimpa mwenzangu. Alifanya sawa. Mwenzangu ameandika vizuri, ila ng'ombe hakumtaja. Kwa hiyo habari ya ng'ombe nakuletea wewe.

Ni miezi saba tangu tukuzike Nkoma. Pamba imeshavunwa. Shemeji amefunga dishi jingine, na bado anasimulia msimu mzima wa mpira alioukosa siku ulipopanda paani, ukaling'oa lile la kwanza na kulipeleka shuleni kwako Lagangabilili.

Wiki iliyopita wanafunzi wako walilileta dishi hilo kwenye maonyesho ya sayansi hapa Bariadi, pamoja na mchoro wa vipimo vya ile asubuhi mlipolijaribu.

Ile asubuhi nilikuwepo. Mlilielekeza dishi mahali ambapo jua lingepita, mkaliacha. Nilikuuliza kwa nini hamlifuati jua. Ulisema dunia inazunguka yenyewe, kazi yetu ni kutulia. Minza, yule binti wa kidato cha tatu, alisoma kila dakika kile kipimo cha sindano ambacho mafundi wa madishi hutafutia mawimbi. Anga tupu, sindano chini. Kisha ng'ombe wa jirani wakakatiza uwanja, mmoja akasimama mbele ya dishi. Sindano ikapanda. Wakamfukuza, ikashuka. Baadaye jua likafika, ikapanda tena taratibu, ikashuka.

Kwenye mchoro vikatokea vilima viwili, na cha ng'ombe kilikaribia kulingana na cha jua. Nilikushauri ukifute, kinaharibu picha.

"Mdogo wangu, na habari zako huwa unaziandika hivyo?"

Ukamwambia Minza aandike juu ya kilima kile: ng'ombe.

Siku chache kabla ya maonyesho Minza alikuja ofisini kwangu. Wenzake walitaka kuchora upya bila ng'ombe, wasije wakachekwa mjini. Aliniuliza mimi kwa sababu nilikuwepo. Nilimwambia, "Alipita. Mwache."

Siku yenyewe jaji alisimama mbele ya karatasi ya manila, akaikagua.

"Mbona jua lenu limechomoza mara mbili?"

"La kwanza ni ng'ombe, mheshimiwa."

Walicheka sana, dada. Mzee mmoja nyuma aliuliza ni ng'ombe wa nani huyo, anayeshindana na jua, ili auziwe ndama wake. Minza alingoja wanyamaze. Akaeleza kwamba kila chenye joto hutoa mawimbi ya redio, hata kama ni hafifu. Ng'ombe alikuwa karibu, akalijaza dishi lote; jua ni moto zaidi, lakini liko mbali, linachukua sehemu ndogo tu ya kile dishi linachokiona. Akasema hata wanaanga wenye madishi makubwa kuliko nyumba hupima kwanza kitu cha karibu ambacho joto lake wanalijua, ndipo waamini vipimo vya cha mbali. Kisha akamwomba jaji asimame mbele ya dishi. Sindano ikapanda. Akasogea, ikashuka. Akarudi tena, safari hii bila kuombwa. Hakuna aliyecheka.

Walishika nafasi ya pili. Ya kwanza ilikwenda kwa mashine ya kupukuchua mahindi, na ilistahili.

Nimeripoti mafuriko na chaguzi bila kalamu kusimama. Siku ile daftari langu lina nusu ukurasa mtupu, kuanzia pale Minza alipoanza kueleza. Alikuwa anaongea kama wewe, hata ile tabia yako ya kungoja kelele ziishe. Nilijivuna, dada. Naliandika hilo kama lilivyo.

Watu walipotawanyika nilisimama mbele ya dishi lako. Sindano ilipanda.

Pumzika. Mchoro umetundikwa darasani, na ng'ombe yumo. Nami kitakachokatiza mbele ya habari yangu nitakiandika jina lake, hata kikiharibu picha.

Mdogo wako,
Masunga