Kiwanja cha Machimboni

4 Juni

Dada mpendwa,

Kabla ya salamu, ujue unaandikiwa na mtu ambaye nzi wakimwona na bunduki wanainua mabawa juu na kujisalimisha. Sasa salamu: hujambo? Mama na mguu wake je? Mimi buheri wa afya, na sura nayo inazidi kunoga.

Kampuni ya ulinzi imenichukua, ila sipewi lango mpaka nifaulu shabaha. Kila mtu achague kiwanja cha mazoezi. Kuna ukumbi wa mjini: kiyoyozi, taa, karatasi ya shabaha inakufuata kwa waya kama mbwa aliyeitwa. Halafu kuna machimbo ya mawe, unalenga tuta la udongo na upepo unakusukuma. Wenzangu wanasema mwanamume ni machimboni. Nishauri, ingawa ushauri wako huwa naupa kisogo.

Mdogo wako

11 Juni

Mdogo wangu,

Salamu zimefika. Sijambo. Mama mguu una nafuu. Ulimi haujawahi kuugua. Bunduki usimtajie, nimemwambia kazi yako ni kufungua geti.

Ulikuwa wa kubebwa mgongoni, ndiyo maana hujui. Baba alikuwa akibandika karatasi za shabaha hapo hapo machimboni. Mtu alifyatua kabla ya wakati, akampata baba na brashi ya gundi mkononi, akafia hapo hapo. Mpaka leo mlango ukibamizwa mama anakaa chini.

Nenda ukumbini, tafadhali. Machimboni kuna wenyewe.

Dada yako

2 Julai

Mdogo wangu,

U mzima? Kimya hiki cha nini? Mwenzako aliyekuja likizo kasema umefaulu kuwashinda wote. Hongera! Lakini wewe, unayetangaza hata ukipiga chafya, hili umelifichaje? Ulichagua wapi?

Dada yako

9 Julai

Dada,

Salamu nyingi kwako na kwa mama. Mwili hauna neno.

Nilichagua machimboni. Safari hii haukuwa ubishi. Nilitaka tu kupaona. Na kweli, risasi zangu zote ziliingia kwenye duara jeusi. Mkufunzi alinipa mkono.

Kule, kabla ya kupiga, mkufunzi huita, "Mbele kuna mtu?" Mbandikaji akiwa hajarudi nyuma ya ukuta hujibu, "Bado!" Ukisikia hivyo unalaza bunduki na kunyoosha mkono, hata kama umesikia peke yako. Ndiyo sheria.

Siku ile mbandikaji alikuwa ameshatoka, yuko nyuma yetu anajibandua gundi vidoleni. Mkufunzi akaita. Kule kwenye tuta mtu mzima akajibu, polepole, kama aliyebana kitu kwa meno: "Bado."

Nikatazama kulia, nikatazama kushoto. Wenzangu wameshafumba jicho moja. Nikajiambia, nikinyoosha mkono hapa nitachekwa mpaka nistaafu.

Mama asijue. Nilimsikia vizuri, dada, na nikafyatua.

Mdogo wako