Sufuria Ndogo ya Zainabu

Kinanira, Bujumbura

Mdogo wangu Rajabu,

Asalaam alaykum. Nakuuliza hali ingawa najua hutanijibu. Yangu ni hii: nakufa, akili ikiwa timamu. Soma mpaka mwisho kabla hujaichana.

Mwezi uliopita nilikatwa utumbo mpana. Siku hizi hawapasui tumbo zima. Walinitoboa matundu manne, wakaingiza kamera na visu vyembamba, wakakata huku wakitazama kwenye skrini. Jirani wa binti yangu Hawa aliona plasta nne akacheka: "Apana, huyu muzee hawakumupasua. Wamemubandika tu." Matundu yamepona. Ila uvimbe waliouondoa ulikuwa umeshatangulia kwenye ini.

Siku ya kutoka hospitali, muuguzi alimwambia Hawa: "Mupikie mu sufuria yake peke yake, bila pilipili." Nikageukia ukuta.

Unaikumbuka sufuria ile. Likizo niliyokaa kwako Ujiji nikaanza kuhara damu, mkeo Zainabu aliona pilipili inanichoma, akanipikia uji kando, katika sufuria ndogo. Mimi nikakuambia ananitilia sumu. Kama si hivyo, changu kinapikwa peke yake kwa nini? Nawe ulikuwa mwepesi. Ulimpa talaka kabla sijafunga mzigo wangu.

Sasa usilolijua. Niliporudi huku, daktari alinipima kwa kamera, akasema: "Mwalimu, hii haiko sumu. Ni ugonjwa ya utumbo, uko nayo tangu zamani."

Zainabu alikuwa bado kwenye eda. Ungeweza kumrejea kwa neno moja, na neno hilo nilikuwa nalo mimi. Nilinyamaza. Sikumpenda, alizoea kunijibu mbele ya watu, mimi mwalimu mkuu. Nikaiacha eda iishe. Hata dawa sikunywa, maana kunywa kungekuwa kukiri. Miaka ikapita, uvimbe ukaota kwenye utumbo huo.

Usiniandikie msamaha. Nenda mwenyewe kwa kaka zake, anakoishi mpaka leo na jina la mpika sumu, uisome barua hii kwa sauti mbele yao. Akitaka kunilaani, mwache amalize.

Msalimie shangazi, aliyesema siku ile kwamba mwenye sumu hapiki uji wa mchele mbele ya watu. Msalimie na dada yetu mkubwa, aliyepiga vigelegele Zainabu akitoka. Mwambie alishangilia uongo wangu.

Hawa ameniletea chakula, uji katika sufuria ndogo. Ladha yake naijua.

Kaka yako kwa damu, si kwa haki,
Idi